Mbegu Juu ya Mbabula

Clémence aliamka kabla ya jua, kama kila siku. Alitia makaa katika mbabula, akayapuliza mpaka yakawa mekundu, akabandika sufuria ya chai. Jiko lake lilikuwa dogo. Ukinyoosha mikono, unagusa kuta mbili. Ukiinua kichwa, unakuta bati hapo hapo. Nyumba za mtaa wa Kadutu ziko hivyo, zimepandana juu ya mlima kama watu wanaogombea kumwona bibi harusi.

Kati ya mbabula na bati ulining'inia mzigo wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba na kutundikwa kwenye waya. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maharagi. Clémence aliutazama mzigo kwa muda mrefu.

"Weye," aliuambia, "nilikukosea nini?"

Mume wake Parfait, seremala, alikuwa anatafuta kiatu chini ya kitanda. "Uko unasema na nani?"

"Na maharagi."

"Bon. Ikikujibu, uniite."

Parfait alipata kiatu, akaenda kazini. Clémence akabaki na mzigo wake na kichwa chake kizito.

Tueleze vizuri, mtu asipotee njiani. Kwenye kilima cha kina Parfait, upande wa Nyantende, wana sikukuu ya mbegu. Inafanywa mwezi wa kenda, mvua inapoanza kunukia. Wanawake wanacheza ngoma ya vidole. Wanachuchumaa chini, mikono wameificha ndani ya kitenge. Ngoma inapopigwa, vidole vinatoka kimoja kimoja, mpaka vyote kumi viko juu. Hapo wanasimama pamoja na kutingisha mabega, na vumbi linapanda. Ngoma ikiisha, nyumba moja inafungua mzigo wake wa mbegu. Kila mwanamke anachota konzi moja, na kwa konzi hiyo anafungua shamba lake. Zamu inazunguka nyumba kwa nyumba. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Clémence.

Na iko desturi nyingine. Mavuno yakiisha, mama mkwe anagawa mbegu mara mbili. Nusu inabaki juu ya moto wake. Nusu anapewa mke wa mtoto, atundike juu ya moto wake yeye, ili mbegu izoee moshi wa nyumba. Mzigo hauteremshwi mpaka karibu na sikukuu. Tena mbegu hazihesabiwi. Wanasema ukizihesabu, umezihesabia siku zake.

Clémence alifuata yote hayo. Walipokaa Nyantende, maharagi yake yaliota vizuri sana. Halafu wakahamia Kadutu, karibu na kazi ya Parfait. Shamba likabaki kule kule, anakwenda kulilima kila siku ya posho, yaani Jumamosi. Tangu hapo, mbegu zake zikakataa. Anapanda mashimo kumi, yanaota mawili. Majirani wa shamba hilo hilo, mvua hiyo hiyo, maharagi yao yanacheka tu.

Mwaka wa kwanza wa shida hiyo alikuwa amecheza ngoma ya vidole. Micheline, dada anayesali naye katika chumba cha maombi, akamwambia, "Sababu njo ile kucheza! Huwezi kuomba Mungu asubui, kisha mangaribi unatingisha mabega."

Mwaka uliofuata Clémence hakucheza. Alibaki nyumbani, akafunga, akaomba. Maharagi yakakataa tena. Mama mkwe wake, Mama Adèle, akamwambia, "Umeona? Hukucheza. Mbegu inajua mwenye kuizarau."

Sasa mtu afanye nini? Alicheza, hazikuota. Hakucheza, hazikuota. Mwaka huu acheze mguu mmoja, mwingine auache kanisani?

Na mwaka huu haukuwa wa mchezo. Mama Adèle alikuwa amesema mbele ya ukoo wote, "Tangu Clémence aende mu muji, mukono yake imekuwa baridi. Zamu ni yake, sitamunyima. Lakini mbegu yake ikikatala tena, shamba nitamupatia Tatiana." Tatiana alikuwa mke wa mdogo wake Parfait. Shamba hilo likienda, maharagi ya watoto wa Clémence yanakwenda nalo. Tena safari hii mbegu mbaya ingeingia katika mashamba ya kilima kizima.

Siku ya tatu ya juma, Jumatano, sikukuu ikiwa imebakiza siku kumi, Clémence alipata wazo. Halikuwa wazo zuri, lakini mtu aliyepotea anashika njia yoyote. Aliingiza kidole katika mzigo, akatoa mbegu tatu. Akazifunga katika pembe ya kitenge, akateremka sokoni.

Pale sokoni alikuwako Djamila, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa Uvira. Alikuwa anauza maharagi na mahindi, kama mama yake kabla yake. Watu walimpenda kwa sababu hakuchanganya mawe.

"Jambo, dada Djamila."

"Jambo sana, Mama Gloire," Djamila alimwita Clémence kwa jina la mtoto wake. "Leo unataka ya kupika ao ya kupanda?"

"Ya kupanda. Lakini ifanane na hii." Clémence alifungua kitenge.

Djamila alizigeuza zile mbegu tatu kwenye kiganja. Zilikuwa nyekundu, nono, zinang'aa. "Hii ni muzuri kuliko yangu. Unanunua kitu uko nacho?"

Clémence alitazama kushoto na kulia. Halafu akasema yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Ngoma, Micheline, mkono baridi, Tatiana. "Nataka tu kubadilisha," akamaliza. "Natoa ile, naweka ya kwako. Hakuna mutu atajua."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho nini?"

"Utakuya tena kujificha kwangu? Weye ni mulimaji ao ni mwizi wa mbegu yako mwenyewe?"

Clémence alicheka bila kutaka. Djamila naye akacheka. Kisha akainama, akatoa sahani ndogo nyuma ya magunia. Juu ya sahani palikuwa na kitambaa chenye maji. Akakifunua. Mbegu kumi zilikuwa zimelala mstari, na tisa zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, kama vidole vya mtoto.

"Angalia. Kila gunia, mbele ya kuiuza ya kupanda, nalaza mbegu kumi mu kitambaa ya maji. Si maji ya kuogelea, ni ya kulowanisha tu. Nangojea siku tano, siku sita. Ikiota munane kwenda juu, nauza. Ikiota tano ao sita, namwambia munuzi aongeze mbegu mu shimo. Ikiota mbili, inaenda mu sufuria."

"Lakini ya kwangu iko na sura muzuri."

"Sura! Chukua yai mubichi na yai ya kuchemusha, uweke pamoja. Kwa sura, utajua gani itatoa kifaranga?"

Clémence alizichukua mbegu zake. "Sasa mbegu yangu ilichemushwa na nani?"

"Sijue. Weye njo unakaa nayo. Kwanza tujue kama imekufa. Kisha tutatafuta muuaji."

"Dada Djamila, kwetu mbegu haihesabiwe."

Djamila alikifunika kitambaa polepole. "Basi mimi sitakuambia uvunje desturi ya watu. Uliza mwenyewe wa desturi. Kama amekubali, ulaze na mbegu yake pembeni ya yako. Siku ya ine ya juma kesho niko nakuya kununua maharagi kule Nyantende. Nitapita kuangalia."

Hakumuuzia kitu. Clémence alipanda mlima akiwa na mbegu zake tatu na maswali sita.

Siku ya posho aliuteremsha mzigo, akaubeba kichwani mpaka Nyantende. Mama Adèle alikuwa jikoni, anachochea kuni. Jiko lake lilikuwa la zamani, kubwa, la nyasi. Moto ulikuwa katikati, juu ya mafiga matatu. Moshi ulipanda taratibu, ukazunguka kule juu gizani, ukatokea katikati ya nyasi. Mzigo wake wa mbegu ulikuwa juu sana. Kuufikia ulihitaji ngazi.

"Umeuteremusha mapema," alisema Mama Adèle bila kusalimia.

"Maman, nataka kukuomba kitu. Usikasirike."

"Mutu akisema usikasirike, mimi nishaanza."

Clémence akaeleza habari ya kitambaa. Alipofika kwenye neno kumi, Mama Adèle akatupa chini kijiti cha kuchochea.

"Kuhesabu? Mbegu ya sikukuu, uhesabu? Nani alikufundisha? Ule mwanamuke wa soko? Yeye anacheza ngoma yetu?"

"Hapana, Maman."

"Mukono ni yako iko baridi, sasa unataka kusema mbegu yangu ni mubaya!"

"Sisemi ni mubaya. Sijue, Maman. Nilicheza, ikakatala. Sikucheza, ikakatala. Kama ni mimi, nijue ni mimi. Kama ni mbegu, nijue ni mbegu. Siwezi kupeleka kitu sijue mbele ya bamama bote."

Mama Adèle alimtazama. Halafu yule mzee alisimama, akavuta ngazi, akapanda mwenyewe, magoti yakilia kama mlango. Akaingiza mkono katika mzigo wake.

"Laza na ya kwangu!" alisema kutoka juu. "Laza pembeni ya yako, kila mutu aone mukono yenye moto ni gani. Lakini mimi sihesabu. Weye njo utahesabu. Zambi ibaki kwako."

Kwa hiyo Clémence alihesabu. Alilaza mbegu kumi, mara tatu, kutoka mzigo wake. Alilaza mbegu kumi, mara tatu, kutoka mzigo wa Mama Adèle. Vitambaa viwili, sahani mbili, juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali na moto. Akamwomba mama mkwe anyunyize maji kidogo asubuhi na jioni, kwa sahani zote mbili.

Siku tano zile zilikuwa ndefu. Clémence alipika sombe, yale majani ya muhogo, akasahau chumvi. Micheline alipita kumwuliza kama mwaka huu atacheza. "Sijue," alijibu. Alimwuliza kama atakuja kwenye maombi ya kufunga. "Sijue," alijibu tena. Micheline akaondoka anatikisa kichwa.

Siku ya nne ya juma, Clémence na Djamila walifika Nyantende kwa pikipiki moja. Mama Adèle alikuwa amevaa kitenge kipya, kama mtu anayekwenda kushinda kesi.

"Fungua," alisema.

Clémence alifungua kitambaa chake kwanza. Katika kumi la kwanza, mbegu mbili zilikuwa zimeota. Katika la pili, moja. Katika la tatu, hakuna. Nyingine zilikuwa zimevimba maji, zimeanza kunuka.

Akafungua cha Mama Adèle. Tisa. Kumi. Tisa. Mizizi myeupe ilikuwa imejikunja huku na huku.

"Aaa!" Mama Adèle alipiga makofi. "Nilisema nini? Mukono! Mukono baridi!"

Clémence aliketi chini. Alifikiri juu ya shamba, juu ya Tatiana, juu ya watoto.

Djamila hakuketi. "Maman, niulize kidogo. Mbegu yako, nani aliilaza mu kitambaa?"

"Clémence."

"Nani aliihesabu?"

"Clémence. Mimi sihesabu."

"Bon. Kama mukono ya Clémence inaua mbegu, ya kwako imeota namna gani?"

Mama Adèle alizitazama mbegu, kisha vidole vya Clémence. Kuku alipita, wote watatu wakamtazama kuku.

"Na kuihesabu haikuiua," alisema Clémence polepole.

"Hizi mbegu mbili," aliendelea Djamila, "zilivunwa wapi?"

"Shamba moja," alisema Mama Adèle. "Siku moja. Niligawa mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo ni ndugu. Baba moja, mama moja. Moja amelala hapa, moja amelala Kadutu. Hapa analala wapi?"

Wote waliinua macho. Mzigo wa Mama Adèle ulikuwa kule juu, mweusi kwa moshi, hewa inapita katikati ya nyasi.

"Na kwako, Mama Gloire?"

Clémence aliinua mkono kuonyesha. Mkono haukwenda mbali. Uliishia juu kidogo ya kichwa chake. Akaukumbuka ule waya. Akaukumbuka mchana, jua likiwa katikati, siku aliyogusa bati la jikoni kwa bahati mbaya akarudisha mkono akipiga kelele.

"Manjanja, ile bati," alisema. "Chini mbabula, juu manjanja. Iko katikati!"

"Kama mukate mu furu, mu tanuri," alisema Djamila. "Muuaji njo huyo. Maman, kwako moto ni wa kuni, nyumba ni murefu, ni ya majani. Moshi inafika kule imepoa. Inafukuza wadudu, haichome mbegu. Kwa Clémence hakuna moshi. Makaa haina moshi, iko na moto tu. Miezi miwili mbegu inapikwa polepole. Inakufa, na sura inabaki muzuri."

Mama Adèle alikuwa bado anatazama juu. "Mimi njo nilimwambia atundike juu ya moto," alisema mwishowe.

Kwa mama mkwe, hayo yalikuwa maneno mengi.

"Sasa aweke wapi?" aliuliza, kwa sauti ya ukali tena.

Djamila alieleza. Mbegu zianikwe mpaka zikauke kabisa. Ukiuma moja kwa jino, ivunjike kwa sauti; ikibonyea, bado. Zichanganywe na majivu baridi yaliyochekechwa, kwa sababu wadudu hawapendi majivu. Zitiwe katika kibido, yaani kidumu cha plastiki, kikavu, kijazwe mpaka juu, kizibwe sana hewa isiingie. Kibido kiwekwe mahali pa baridi, penye kivuli, juu ya ubao, si chini kwenye udongo wenye maji. Na kabla ya kupanda, kitambaa.

"Na moshi?" Mama Adèle aliuliza. "Mbegu inapashwa kuzoea nyumba ya mwenyewe."

Djamila alimtazama Clémence. Clémence naye akamgeukia mama mkwe wake. Mama Adèle ndiye aliyelipata jibu, akalisema huku anakuna shavu.

"Majivu itoke mu mbabula yake. Majivu na moshi ni batoto ba moto moja. Itazoea."

Kisha akapanda ngazi tena, akauteremsha mzigo wake wote. Akaugawa mara mbili, akafunga fungu moja katika majani mapya ya mgomba, akaliweka mbele ya Clémence. "Hii njo ya zamu yako. Utaipeleka."

"Na ile yangu iliyokufa?"

"Hamukuitia dawa yoyote?" aliuliza Djamila. "Ile dawa ya dukani?"

"Hata kidogo."

"Basi pika. Ingekuwa na dawa, hapana, hata kuku hapana. Lakini hii ni maharagi tu."

Waliibandika mchana huo. Mama Adèle alikula sahani mbili. "Kwa maiti," alisema, "iko tamu."

Sikukuu ilifanywa siku ya posho. Ngoma zilianza saa tatu ya asubuhi. Clémence alikuwa bado hajui kama atacheza. Lakini aliposimama pembeni na mzigo wake, akawaona wanawake wamechuchumaa, vitenge vimefunika mikono, alisogea hatua moja. Kidole kikatoka. Kikatoka kingine. Vilikuwa vinatoka kwenye kitambaa kama mizizi ile.

Alichuchumaa pembeni ya mama mkwe wake. "Maman," alinong'ona, "hii ngoma, ni kitambaa? Ni kumi? Bakoko ba zamani balikuwa banajaribu mbegu namna ile?"

"Sijue," alisema Mama Adèle. "Mimi nilifundishwa kucheza. Sikufundishwa sababu. Toa vidole!"

Clémence akatoa vidole. Kimoja, viwili, vitatu. Ngoma ikapanda. Wanawake wote walifika kumi. Clémence aliishia tisa. Kimoja alikiacha kimekunjwa.

"Mama Gloire, umesahau kimoja!" alipiga kelele Tatiana kutoka upande wa pili.

"Sijasahau! Njo hesabu yake!"

Watu walicheka bila kuelewa. Mama Adèle alivitazama vidole vya mke wa mtoto wake. Halafu, bila kusema neno, akakunja kimoja cha kwake. Wakasimama pamoja, vidole kumi na vinane, mabega yakitingishwa, vumbi likapanda.

Ngoma ilipoisha, Clémence hakufungua mzigo mara moja. Alitoa kwanza ile sahani na kitambaa, akawaonyesha mbegu zilizoota, akaeleza habari ya bati na mbabula. Alieleza vibaya, akaruka maneno, akarudi nyuma. Lakini wanawake watatu wenye nyumba za bati walitazamana. Mmoja akasema, "Kumbe!" Kisha wakachota, kila mmoja konzi yake.

Mvua ilikuja kwa wakati. Baada ya siku nane, Clémence alikwenda shambani. Mistari ilikuwa imesimama, majani mawili mawili, kutoka juu mpaka kwenye mfereji. Mama Adèle alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa anatembea ameinama, kidole kikionyesha chini, midomo inacheza.

"Maman, uko unafanya nini?"

"Nahesabu," alisema Mama Adèle. "Usinikate. Makumi ine na saba..." Akasimama. "Sasa nimepotea. Na shamba ni yako, hesabu mwenyewe."

Kule Kadutu, Micheline alikuja kuuliza. "Sasa ni kucheza ao ni kutokucheza?"

"Ucheze, usicheze, weye na Mungu wako," alisema Clémence. "Lakini laza mbegu mu kitambaa." Akamwonyesha kibido chini ya kitanda, juu ya ubao, pale penye baridi.

Waya juu ya mbabula ulibaki mtupu siku mbili. Siku ya tatu Parfait alitundika viatu vyake vilivyolowa mvua, mahali ambapo hata yeye hawezi kuvipoteza.

"Vitakauka sana," Clémence alimwambia. "Vitakufa."

"Vikufe," alisema Parfait. "Sitavipanda."